Ramani za Ajali za Barabarani

Wazee wetu husema kuwa ajali haina kinga. Muhula uliopita niliyasikia maneno haya mara nyingi, maana mwenzetu mmoja wa Kidato cha Pili aligongwa na pikipiki alipokuwa akivuka barabara iliyo mbele ya shule yetu. Aliteguka mguu na kuchanika goti. Alikuwa akienda dukani kununua sabuni, na aliyemtuma ni mimi. Watu walisema ni bahati mbaya, nami nilisema vivyo hivyo, kwani maneno hayo yalinituliza moyo. Lakini muhula huu mwalimu wetu wa Jiografia ametufundisha jambo lililonifanya nifikiri upya, nami napenda kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu.

Alianza na habari za daktari Mwingereza, John Snow. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu wengi katika mtaa wa Soho, London. Siku hizo wengi walidhani kuwa maradhi hayo yaletwa na hewa mbaya. Snow alichukua ramani ya mtaa akatia alama kwa kila aliyekufa, penye nyumba yake. Alama zilijikusanya karibu na bomba moja la maji katika Broad Street. Basi lile lililodhaniwa kuwa balaa tu likaonekana kuwa na mahali pake, na penye mahali watu waweza kwenda kupatengeneza.

Kisha tuliingia chumba cha kompyuta, akatufungulia ramani ya ajali za Uingereza. Huko, polisi wakiarifiwa ajali ya barabarani iliyomwumiza mtu, huandika habari zake kwa utaratibu mmoja: tarehe na saa, mahali penyewe kwa vipimo vya ramani, kama ni mchana au usiku, kama barabara ilikuwa kavu au imelowa, aina ya magari, na umri wa walioumia. Majeruhi hugawanywa mafungu matatu: waliokufa katika muda wa siku 30, walioumia sana, na walioumia kidogo. Hata kuteguka mguu huhesabiwa katika fungu la tatu. Serikali huzitoa hesabu hizo kwa watu wote, bila majina, nazo zaanzia mwaka 1979.

Ramani hii si kama ile ya ukutani, maana humjibu mtazamaji. Ukiitazama kutoka mbali, waona miduara michache yenye tarakimu, na kila mmoja umekusanya ajali za eneo zima. Ukiikuza, mduara hugawanyika ukawa midogo, na mwisho huwa nukta moja moja katika njia panda. Ukiigusa nukta, habari za ajali ile hutokea. Tena waweza kuiuliza: nionyeshe waliokuwa wakienda kwa miguu tu, nionyeshe watoto tu, nionyeshe saa za kutoka shule. Papo hapo nukta nyingine hufutika, zikabaki zile ulizotaka. Daftari lenye maelfu ya mistari humchosha msomaji asione kitu. Lakini akiona nukta za watoto zimerundikana katika njia panda moja, hatasema tena ni bahati.

Hata hivyo mwalimu alituonya tusiisome ramani kwa haraka. Kwanza, penye nukta nyingi huenda ni kwa sababu magari yapitayo hapo ni mengi; sharti ulinganishe. Pili, pasipo na nukta huenda pakawa pa kutisha hata watu hawathubutu kuvuka. Tatu, nalo ndilo kubwa, ramani haijui ila lililoandikwa. Hata Uingereza, serikali yenyewe yakiri kuwa ajali nyingi zenye majeruhi haziwafikii polisi. Mjini Nairobi watafiti walijaribu njia nyingine: walikusanya habari fupi ambazo wasafiri waliandika katika Twitter kati ya mwaka 2012 na 2020, kompyuta ikatafuta mahali palipotajwa, wakapata ajali zaidi ya 22,000 za kutia katika ramani.

Hapo nilinyosha mkono nikauliza, "Mwalimu, nukta ya mwenzetu iko wapi?" Darasa likanyamaza. Alitibiwa na muuguzi wa shule, mwenye pikipiki akaomba radhi, mambo yakaisha. Hakuna aliyekwenda kuandikisha. Basi katika hesabu za nchi, siku ile mbele ya shule yetu hapakutokea kitu. Na mtu akienda kuomba matuta au kivuko, ataulizwa, "Je, hapo zimetokea ajali ngapi?"

Kwa hiyo tumechora ramani ya barabara yetu kwa mkono, nasi twawauliza walimu, wapishi na wenye maduka ajali wanazozikumbuka. Twajua kuwa kumbukumbu hupotea, lakini alama nyingi zimeangukia mahali pamoja, penye mteremko, saa za magharibi. Nukta ya mwenzetu tuliitia langoni. Yeye mwenyewe alipokuja kuitazama, aliing'oa pini akaisogeza hadi kwenye mteremko. "Ni hapa," alisema. Nami nilikuwa nikidhani kuwa napajua.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kuwa ajali za barabarani huua watu kiasi cha milioni 1.19 kila mwaka, nazo ndizo ziuazo zaidi watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Huo ndio umri wetu. Basi nawaomba wazazi na wenzangu: mtu akigongwa, atibiwe kwanza, kisha twende tukaandikishe mahali, siku na saa, hata kama jeraha ni dogo na watu wamekwisha patana. Ramani yetu imetundikwa katika chumba cha Jiografia. Anayekumbuka ajali yo yote na aje na pini yake.