Makro ya Excel na vigeu vya mazingira vya Windows

Kigeu cha mazingira ni jina lenye thamani fupi ambayo Windows huikabidhi kila programu inapofunguliwa. USERNAME hubeba jina la mtumiaji, COMPUTERNAME jina la kompyuta, TEMP mahali pa mafaili ya muda, na USERPROFILE folda binafsi ya mtumiaji. Makro za Excel, zinazoandikwa kwa lugha ya VBA, huvisoma kwa amri moja tu: Environ.

Umuhimu wake huonekana faili moja linapotumiwa na watu wengi. Makro iliyoandikiwa njia ya C:\Users\Asha\Documents inafanya kazi kwa Asha. Ikifika kwa Juma inakwama, maana folda hiyo kwake haipo. Dawa ni kuandika Environ("USERPROFILE") & "\Documents", na kila kompyuta itajaza njia yake yenyewe. Hata hivyo, siku hizi ofisi nyingi zimehamishia Documents ndani ya OneDrive, hivyo makro nzuri huhakikisha kwanza kwamba folda ipo.

Environ hupokea pia namba. Environ(1) hurudisha kigeu cha kwanza kizima, jina na thamani vikiwa vimeunganishwa kwa alama ya =, na kwa kuongeza namba mpaka jibu liwe tupu, orodha yote hupatikana. Jambo la kuangalia sana ni kwamba jina lisilokuwepo halileti ujumbe wa kosa. Hurudi maandishi matupu, kazi ikaendelea kana kwamba mambo ni shwari, na faili likaishia mahali pasipotarajiwa.

Kuweka thamani ni kazi nyingine, kwa kuwa VBA haina amri yake ya kuandika. Njia rahisi ni kuazima chombo cha Windows kiitwacho WScript.Shell:

CreateObject("WScript.Shell").Environment("USER").Item("TAWI") = "Mwanza"

Neno USER hapo ndilo linaloamua yote. Likiwekwa PROCESS, thamani huishi ndani ya Excel hiyo tu na programu zitakazofunguliwa nayo. Excel ikifungwa, imepotea. USER huihifadhi kwenye rejista ya Windows kwa ajili ya mtumiaji mmoja, nayo hubaki hata kompyuta ikizimwa. SYSTEM huwahusu watumiaji wote na hudai haki za msimamizi.

Hapa ndipo wengi hudhani makro yao ni mbovu. Wameandika TAWI kwa USER, wanaisoma papo hapo kwa Environ, wanaambulia patupu. Makro haina kosa. Kila programu hupewa nakala yake ya vigeu wakati wa kufunguliwa, na Excel iliyokwisha kufunguka bado inashika nakala ya zamani. Ni lazima ifungwe na kufunguliwa upya, au thamani isomwe kwa njia ileile ya Environment("USER"), ambayo huenda moja kwa moja kwenye rejista. Kigeu kisichohitajika tena hufutwa kwa Remove. PATH isiguswe kabisa na makro ya kawaida, kwani ikiharibika programu nyingine zitashindwa kupatikana.

Vigeu hivi visifanywe kufuli. Mtu yeyote anaweza kufungua dirisha la amri, akaandika set USERNAME=Meneja, kisha akaiwasha Excel kutoka humo; makro inayolinda karatasi ya mishahara kwa Environ("USERNAME") itampokea kama meneja.