Hewa ukaa ndani ya asprini

Molekuli moja ya asprini ina atomu tisa za kaboni. Nane zina asili nyingine. Ya tisa ilikuwa ndani ya hewa ukaa, gesi ileile inayotoka kwenye ekzosi za magari.

Ufundi wa kuiunganisha gesi hiyo si mgeni. Mwaka 1860 mkemia Mjerumani Hermann Kolbe alitengeneza asidi ya salisiliki, mama wa asprini, kwa fenoli, sodiamu na hewa ukaa. Rudolf Schmitt akauboresha miaka ya 1880: fenoli hugeuzwa chumvi ya sodiamu, kisha hufungiwa pamoja na gesi hiyo kwenye joto la nyuzi 125 hivi, kwa mgandamizo unaokaribia mara 100 ya ule wa angani.

Kwa nini ilazimishwe hivyo? Hewa ukaa ni jivu la kaboni. Imekwisha kuungua, haina nishati ya kutoa, na haiungani na kitu mpaka ikutane na mwenzake mwenye pupa. Misombo ya magnesi ya Mfaransa Victor Grignard, iliyompatia Nobel mwaka 1912, inayo pupa hiyo: ukiimwagia barafu kavu, ambayo ni hewa ukaa iliyoganda, kaboni hunaswa papo hapo.

Amonia pia inayo, na hapo ndipo penye mlaji mkubwa kuliko wote: yuria, mbolea ya kukuzia. Tani moja yake hula kilo 730 hivi za hewa ukaa. Msidhani basi kiwanda cha yuria kinasafisha anga. Gesi hiyo kwa kawaida huzalishwa humohumo, amonia inapotengenezwa kwa gesi asilia. Na mbolea ikifika shambani, vimeng'enya vya udongo huivunja, hewa ukaa ikatorokea angani ndani ya siku chache.

Siku hizi sifa zimehamia kwenye methanoli. Huko Iceland, kiwanda chenye jina la mkemia George Olah kilianza mwaka 2012 kuitengeneza kwa hewa ukaa ya mitambo ya jotoardhi ya Svartsengi, pamoja na haidrojeni iliyopatikana kwa kupasua maji kwa umeme. Waisilandi wanao umeme safi tele. Asiye nao apige hesabu kwanza: tani moja ya methanoli hunasa tani 1.4 ya hewa ukaa, lakini hudai kilo 190 za haidrojeni, yaani uniti zaidi ya 9,000 za umeme. Umeme huo ukitokana na makaa ya mawe, utamwaga angani tani nane au tisa.