Tairi la tela jipya limepasuka: nani alipe?

Tela halijamaliza hata msimu mmoja, rangi bado inang'aa, halafu tairi linapasuka njiani likiwa na mzigo wa matofali. Muuzaji anasema dereva kazidisha mzigo. Dereva anasema tairi ni bovu. Mwenye mali anabaki katikati na hasara yake. Kwetu Tumbi jambo hili si dogo, kwa sababu Barabara ya Morogoro ina malori na mabasi usiku na mchana, na tela likiyumba hapo wanaoumia ni hata wapita njia. Hospitali yetu ya Tumbi inawajua vizuri majeruhi wa barabara hii.

Basi tuanze na sababu. Tairi hupasuka zaidi kwa joto. Upepo ukipungua, ubavu wa tairi hujikunja kila linapozunguka, mpira unachemka na nyuzi za ndani zinakatika. Mzigo ukizidi, hali ni hiyo hiyo. Mwendo mkali unaongeza moto juu ya moto.

Ubavuni mwa tairi pameandikwa mambo matatu ya kusoma kabla ya kulipa.

La kwanza ni umri. Tafuta tarakimu nne za mwisho za namba ya kiwandani. 3521 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2021. Tela linaweza kuwa jipya huku matairi yake yamekaa juani miaka mingi.

La pili ni uzito. Namba 112, kwa mfano, ni kilo 1,120 kwa tairi moja. Tuseme tela la magurudumu mawili lina kilo 800 likiwa tupu, nawe unapakia tani mbili. Jumla ni kilo 2,800. Hata ndoano ya trekta ikibeba kilo 280, kila tairi linabaki na kilo 1,260. Limezidiwa.

La tatu ni mwendo. Alama A8, inayoonekana kwenye matairi ya shambani, ni kilomita 40 kwa saa. L ni kilomita 120.

Kumbuka pia kuwa mizani ya Vigwaza hupima uzito kwa ajili ya kulinda barabara. Kuruhusiwa kupita hapo hakuna maana kwamba tairi lako linauweza mzigo huo.

Sasa nani alipe? Jibu mara nyingi limo kwenye tairi lenyewe, kwa hiyo usilitupe wala kumwachia fundi pancha. Ubavu uliosagika mzunguko mzima unaonyesha upepo mdogo au mzigo mkubwa: hapo mtumiaji ajitazame. Mpasuko wa sehemu moja wenye umbo la nyota ni dalili ya shimo au jiwe. Tairi lililolika upande mmoja linaonyesha ekseli iliyopinda, na kwenye tela jipya hilo ni la aliyelitengeneza. Tairi la uwezo mdogo kuliko mzigo ulioahidiwa, au lililozeeka kabla ya kuuzwa, ni la muuzaji.

Piga picha ya tairi, namba zake na mzigo. Tunza risiti, na siku ya kununua dai uzito wa tela uandikwe. Mrudie muuzaji kwa maandishi. Akikataa, ipo Tume ya Ushindani, FCC, inayolinda pia watumiaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Kuhusu ubora wa bidhaa, lipo Shirika la Viwango, TBS.

Lakini ukiwa barabarani, chombo ni chako. Pima upepo kwa geji asubuhi, tairi likiwa la baridi, na usilipunguze upepo likiwa la moto. Geji ni bei ndogo kuliko tairi, na tairi ni bei ndogo kuliko mguu wa mtu.