Nyasi zinazostahimili shaba: matumaini na mipaka ya kutibu ardhi ya machimbo

Na Mwandishi Wetu

KASKAZINI-MAGHARIBI mwa kinu kikongwe cha kuyeyusha shaba mjini Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kuna ardhi ambayo kwa miongo mingi ilishindwa kuotesha hata majani. Hapo awali palikuwa na msitu wa miombo. Baadaye pakabaki udongo mtupu, uliochimbwa makorongo na mvua, na pembeni yake watu wakajenga nyumba za mtaa wa Penga Penga.

Kinu hicho kilianza kazi mwaka 1911, muda mfupi baada ya mji wenyewe kuanzishwa. Moshi wake ulibeba gesi ya salfa pamoja na chembechembe za shaba, zinki, risasi na kobalti, na upepo wa kusini-mashariki ukaupeleka upande mmoja mwaka hadi mwaka. Gesi iliua miti na kuutia udongo tindikali, nazo chembechembe zikatua chini na kubaki hapo. Tindikali hiyo huifanya shaba iyeyuke kwa urahisi katika maji ya udongo, na shaba iliyoyeyuka ndiyo inayochoma mizizi.

Madhara hayakuishia kwenye miti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliopima mkojo wa watu 351 katika iliyokuwa Katanga, ulionyesha kuwa wakazi walio jirani na migodi na vinu vya kuyeyusha madini walikuwa na viwango vya kobalti vya juu kuliko vilivyowahi kuripotiwa kwa raia wa kawaida popote duniani. Njia zinazotiliwa shaka ni zile za maisha ya kila siku: vumbi, maji na chakula. Watoto, ambao hucheza chini na kutia mikono mdomoni, ndio walio hatarini zaidi.

Je, ardhi kama hiyo inaweza kuponywa?

Sumu isiyooza

Ugumu wa kwanza ni kwamba metali haiozi. Mafuta yakimwagika ardhini, wapo bakteria wanaoweza kuyala mpaka yakaisha. Shaba na risasi havina mlaji. Vinaweza kuhamishwa, kufunikwa au kufungwa visitembee, lakini haviwezi kuteketezwa.

Kuchimba udongo wote na kuupeleka kwingine ni kazi yenye gharama kubwa mno kwa eneo la hekta nyingi. Ndiyo maana wanasayansi wamegeukia mimea, kwa njia mbili zinazotofautiana. Ya kwanza ni kuchota: kupanda mimea inayofyonza metali, kisha kuivuna na kuiondoa. Ya pili ni kufunga: kupanda mimea inayoifunika ardhi na kuishika metali palepale ilipo, isipeperushwe na upepo wala kusombwa na mvua.

Kuchota ndiko kunakosisimua zaidi. Katika visiwa vya Kaledonia Mpya kuna mti, Pycnandra acuminata, ambao utomvu wake mkavu huweza kuwa na nikeli hadi asilimia 25. Nchini Albania, majaribio yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa mmea wa asili uliotiwa mbolea uliweza kutoa takriban kilo 100 za nikeli kwa hekta moja.

Shaba, hata hivyo, haichoteki kwa wepesi huo, na hesabu ndogo inatosha kuonyesha kwa nini. Udongo wa juu wa hekta moja, kwa kina cha sentimita 20, una uzito wa takriban tani 2,600. Ukiwa na miligramu 2,500 za shaba katika kila kilo, hekta hiyo imebeba tani sita na nusu za shaba. Zao la tani 10 za majani makavu kwa mwaka, lenye miligramu 100 za shaba kwa kilo, litaondoa kilo moja tu. Hata mmea ukifyonza mara kumi ya kiasi hicho, kazi itachukua zaidi ya miaka 600.

Tena, sifa za baadhi ya mimea iliyosemekana kuwa mabingwa wa kufyonza shaba zilitiwa chumvi na vumbi. Mwaka 2007, watafiti waliochunguza mimea ya Katanga walibaini kuwa majani yakioshwa vizuri kabla ya kupimwa, kiasi cha shaba hupungua sana. Sehemu ya shaba hiyo haikuwa ndani ya jani, bali juu yake. Ni jambo la kukumbukwa na kila anayenunua mboga za majani katika mji wa machimbo.

Wenyeji wa vilima vya shaba

Kwa sababu hiyo, jitihada za Lubumbashi zimeelekea kwenye kufunga. Hapo ndipo Katanga ilipo na utajiri usiopatikana kwingine. Katika ukanda huo vimetawanyika vilima zaidi ya 100 ambavyo udongo wake una shaba na kobalti kwa asili, kabla ya mgodi wowote kufika. Miti mingi haioti juu yake, lakini mamia ya aina za mimea midogo yamezoea kuishi humo, na baadhi hayaonekani mahali pengine duniani. Wataalamu wa miamba walishajifunza zamani kuifuata mimea inayoitwa "maua ya shaba" ili kujua mawe yenye madini yalipo.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wakishirikiana na wenzao wa Ubelgiji, waliuliza swali jepesi: mmea uliozoea sumu kwa asili hauwezi kupandwa mahali palipotiwa sumu na binadamu?

Katika jaribio la miaka miwili, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2010, walipanda aina tatu za nyasi kwenye udongo uliotiwa miligramu 2,500 za shaba kwa kilo. Sehemu nyingine zilitiwa mboji, nyingine chokaa, na nyingine ziliachwa zilivyo. Nyasi fupi ya vilima vya shaba, Microchloa altera, ndiyo iliyosalimika kwa wingi zaidi hata pale ambapo udongo haukutiwa chochote. Ukoka, unaojulikana na kila mwenye bustani, haukuweza kuishi bila chokaa.

Chokaa hupunguza tindikali, na tindikali ikipungua shaba haiyeyuki tena kirahisi. Mboji nayo huing'ang'ania shaba na kuirudishia ardhi chakula na uwezo wa kushika maji. Katika jaribio hilo chokaa kilipunguza shaba ndani ya majani kuliko mboji, ilhali mboji nyingi iliongeza idadi ya nyasi zilizoishi. Baadaye njia hiyo ilijaribiwa kwa miaka mitatu kwenye ardhi tupu yenyewe iliyoharibiwa na moshi wa kinu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015.

Wafanyakazi wasioonekana

Nyasi hazifanyi kazi peke yake. Kuvu wanaoishi na mizizi huipelekea mimea fosforasi na maji kutoka mahali ambapo mizizi haifiki, na baadhi huzuia metali isiingie kwa wingi kwenye mmea. Bakteria wa mikunde huvuta nitrojeni kutoka hewani na kuirutubisha ardhi ambayo haina rutuba yoyote. Katika tope lisilo na hewa, bakteria wengine huigeuza salfeti kuwa salfaidi, ambayo hushikana na metali na kuzifanya zisiyeyuke.

Wapo pia wasiosaidia. Aina ya bakteria inayoitwa Acidithiobacillus ferrooxidans hustawi kwenye mawe yenye salfaidi yaliyoachwa wazi, na huongeza kasi ya kutengenezwa kwa tindikali inayotiririka kutoka migodini. Kuyafunika mawe hayo yasipate hewa na maji ni njia ya kuwanyima bakteria hao kazi.

Bei ya kuponya

Mafanikio haya yana mipaka. Kiwango cha juu cha mboji kilichotumika katika jaribio kilikuwa kilo 22.5 kwa mita moja ya mraba, ambazo ni sawa na tani 225 kwa hekta. Hiyo ni misafara ya malori kwa kipande kidogo cha ardhi, na mkulima wa kawaida hawezi kuigharimia.

Aidha, ardhi iliyorudi kuwa ya kijani si lazima iwe salama. Shaba bado imo. Mtu akilima hapo, akichoma nyasi au kuchimba msingi wa nyumba, vumbi litafumuka upya. Mimea ya kufunga huchaguliwa makusudi iwe na metali kidogo katika majani yake, lakini hilo haliligeuzi eneo kuwa shamba la mchicha. Kwa familia ya Penga Penga, faida halisi ni kupungua kwa vumbi linaloingia nyumbani na tope linaloingia mtoni. Si jambo dogo, ila ni tofauti na ahadi ya kuisafisha ardhi.

Mpaka mwingine ni wa wakati. Vilima vinavyotoa nyasi hizi ndivyo vile vile ambavyo kampuni za madini huvihitaji, maana shaba na kobalti vimo ndani yake. Mgodi wa wazi unapofunguliwa, jambo la kwanza kuondolewa ni udongo wa juu, pamoja na mizizi na mbegu zake.

Kwa hiyo, kazi ya kurejesha ardhi inapaswa kuanza kabla ya tingatinga la kwanza kufika: kukusanya mbegu, kuhamisha mapande ya udongo yenye mimea hai na kutenga baadhi ya vilima visiguswe. Chokaa kinaweza kununuliwa hata miaka 50 baada ya mgodi kufungwa. Mmea uliokuwa ukiishi juu ya kilima kimoja tu hauna mahali pa kununuliwa.