Jimu Ndogo Haifi kwa Kukosa Wageni, Hufa kwa Kupoteza Wenyeji

Wiki moja baada ya Idi, mpwa wangu alinijia baada ya swala ya Asri akitaka mkopo. Ana jimu ndogo huko Kisauni, chumba kimoja juu ya duka: vyuma, mikeka, baiskeli mbili za mazoezi na mashine moja ya kukimbilia. Alitaka shilingi 30,000 za kuchapisha mabango na kulipia matangazo ya Facebook.

"Mjomba, watu hawatujui," akaniambia.

Pesa za kuanzisha jimu ile zilitoka kwa mamake, dada yangu, aliyeuza bangili zake za dhahabu. Kwa hivyo sikuweza kumjibu ovyo. Lakini diploma yangu ya biashara, ingawa ni ya zamani, ilinifundisha kuuliza jambo moja kabla ya kutoa pesa: daftari liko wapi? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Alhamdulillahi, daftari lilikuwapo, na lilimpinga mwenyewe. Januari walijiandikisha watu 38. Baada ya Idi waliokuwa wakilipa ni 11. Yeye alilaumu mfungo, lakini daftari lilionyesha kuwa 17 kati ya 27 walioondoka walikuwa wameacha kuja hata kabla Ramadhani haijaandama. Kumbe watu walimjua vizuri. Walikuja, wakaona, wakaenda zao.

Nayaandika haya kwa sababu vijana wengi wa hapa Pwani wanafungua jimu kwa pesa za mkopo au za wazazi, na wengi hukwama papo hapo. Januari kila mtu ana ari, na kipya kinyemi ingawa kidonda. Mtihani wa biashara hii ni mwezi wa pili.

Tazama hesabu. Ada yake ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Mwanachama akikaa mwezi mmoja amekuletea 2,000. Akikaa miezi sita amekuletea 12,000, na kazi ya kumtafuta uliifanya mara moja tu. Kodi ya chumba nayo haipungui eti kwa sababu watu wamepungua. Kutangaza huku watu wanatoka ni kuteka maji kwa pakacha.

Nilimwambia awapigie simu wote 27 waliopotea, kwa sharti moja: asimwombe mtu arudi, aulize tu kilichomwondoa. Waliopokea ni 19. Watatu pekee walitaja bei. Kina mama kadhaa walisema hawakustarehe kufanya mazoezi vijana wa kiume wakiwatazama. Wengine walisema hawakuonyeshwa namna ya kutumia vyuma, wakaona haya kuuliza. Jibu lililomuuma zaidi lilitoka kwa mzee mmoja: "Niliugua wiki mbili, nikaona hakuna aliyeniulizia, basi nikaona aibu kurudi."

Majibu hayo ndiyo yaliyotupa mpango.

Kwanza, wiki mbili za mwanzo ni za kumlea mgeni. Mkufunzi alijue jina lake, ajue kama ana presha, sukari au goti bovu, amwonyeshe mazoezi matatu au manne tu na ayaandike kwenye kadi. Mgeni anayejua atakachokifanya kesho atarudi kesho.

Pili, asiyeonekana kwa siku saba apigiwe simu. Mpigie kwa sauti yako, umjulie hali kama jirani, na usitaje ada. Simu hiyo ya dakika mbili huondoa ile aibu ya kurudi.

Tatu, saa za wanawake ziwe za wanawake kweli. Tulitenga saa tatu hadi saa tano asubuhi, watoto wakiwa shuleni. Mlango unafungwa, pazia linashushwa, mkufunzi ni mwanamke, na simu hazipigi picha. Ukiruhusu mwanamume mmoja aingie "kuchukua chupa yake tu", umeharibu. Habari ya mahali penye sitara hutembea yenyewe arusini na kwenye vyama vya akina mama, na hakuna bango linaloweza kuifikia.

Nne, ada ifuate mfuko wa mtu. Mtu wa bodaboda au wa kibarua hupata pesa kwa siku, kwa hivyo kumdai 2,000 kwa mkupuo ni kumfukuza. Mwache alipe kwa siku au kwa wiki kupitia M-Pesa. Lakini usikimbilie kupunguza bei ya mwezi, maana ukiishusha leo, kuipandisha kesho ni ugomvi.

Tano, usiifunge jimu Ramadhani, kama alivyofanya mpwa wangu. Mwezi wa mfungo hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka katika kalenda ya kawaida, kwa hivyo unaweza kujipanga mapema. Weka mazoezi mepesi kabla ya futari, na mengine baada ya tarawehe. Asiyeweza kuja, simamisha ada yake, siku zake azikute baada ya Idi. Akijua pesa yake iko salama, ana sababu ya kurudi.

Sasa, kuhusu kuvuta wageni wapya. Anza na watu wanaoweza kufika kwa miguu. Wauza duka, vinyozi na vijana wa bodaboda wa jirani waingie siku moja bure, kwa sababu wao ndio wanaoulizwa njia. Weka jimu kwenye ramani ya Google pamoja na saa sahihi za kufungua. Kila mwezi chagua siku moja ambapo mwanachama anaweza kuja na rafiki yake bila malipo.

Kuhusu picha, kuwa mwangalifu. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, picha ya mtu anayetambulika ni data yake binafsi, na ukitaka kuitumia kwa biashara pata kwanza idhini yake ya wazi. Wala usiahidi kwamba mtu atapunguza kilo kumi kwa wiki mbili. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Ahidi hilo, nalo utaweza kulitimiza.

Zile 30,000 sikumpa. Nilimpa 8,000, akanunua pazia na kuanza kumlipa mkufunzi wa kike. Leo wanaolipa ni 29, na zaidi ya nusu ni wanawake. Kodi inalipwa kwa wakati. Bangili za dada yangu bado hazijarudi mkononi, lakini yeye mwenyewe huja saa tatu asubuhi kufanya mazoezi, na analipa ada kama wengine.

Kama una jimu, kabla ya kuchapisha bango lingine, fungua daftari leo jioni. Tafuta majina matatu ambayo hujayaona wiki hii, uwapigie.