Daraja Lililolipiwa na Wapangaji

Ule wimbo wa chekechea kuhusu Daraja la London uliuimba na wenzako mkishikana mikono, si ndio? Basi jua kwamba daraja lenyewe liliwahi kubomoka kweli, na kisa chake utadhani ni habari ya wiki hii: pesa za ukarabati zilienda kwingine.

Mwaka 1176, padri mmoja, Peter wa Colechurch, alianza kujenga daraja la mawe juu ya mto Thames. Kazi ilichukua miaka 33. Peter alifariki 1205, akazikwa katika kanisa dogo lililokuwa juu ya daraja hilo hilo. Lilikamilika 1209, matao 19 yakipokezana hadi ng'ambo.

Kuzunguka kila nguzo, mafundi walipigilia magogo mtoni wakajaza mawe, kukawa kama visiwa vidogo. Shida ni kwamba visiwa hivyo viliubana mto. Maji yalipita kwenye matao kwa kasi ya ajabu, yakitafuna msingi usiku na mchana. Ukiacha kurekebisha, kwisha.

Na fundi anataka doo. Hapa ndipo utawapenda wale watu: walijenga nyumba na maduka juu ya daraja, na kodi ya wapangaji ikaenda kulitunza. Wengine walitoa mashamba na pesa kama sadaka. Ushuru wa kuvuka nao ukaongezwa humo.

Halafu Mfalme Henry III akampa mkewe, Malkia Eleanor, mapato yote ya daraja. Malkia akayala, ukarabati ukalala. Wakazi walilalamika wee, wapi! Kwenye baridi kali ya 1281 kuingia 1282, barafu ilisukumana na nguzo zilizochoka, matao matano yakaanguka.

Baadaye mapato yalirudishiwa daraja, nalo likadunda zaidi ya miaka 600, hadi jipya lilipofunguliwa kando yake 1831. Mfuko wenyewe bado uko. Leo unatunza madaraja matano ya Thames, Tower Bridge ikiwemo, bila kugusa ushuru wa mwananchi.

Kwa hivyo siku nyingine ukiona mheshimiwa akikata utepe kwa daraja jipya, piga makofi kama unataka. Lakini uliza pia: pesa za kulitunza zitatoka wapi, na nani amezishika?