Thamani ya Mavuno: Kwa Nini Gunia Lililoliwa Nyumbani Pia Huhesabiwa

Mwezi wa Agosti, mahindi yakianikwa kwenye maturubai kutoka Butere hadi Khwisero, mkulima akiulizwa amevuna kiasi gani mara nyingi hutaja magunia aliyouza pekee. Yale yaliyobaki ghalani, yaliyotumiwa watoto mjini na yaliyopelekwa shuleni badala ya karo husahaulika. Ni kusahau kwa kawaida, lakini kuna gharama yake. Eneo linaloonekana kwenye karatasi kuwa linazalisha kidogo huwa katika hatari ya kupangiwa kidogo, kuanzia chanjo za mifugo hadi barabara za kufikisha mazao sokoni.

Makala haya yanaeleza jinsi thamani ya mazao ya shamba na mifugo inavyokokotolewa, kinachoingia katika hesabu hiyo, kisichoingia, na jinsi mkulima mwenyewe anavyoweza kuitumia.

Kaunti moja, mashamba ya aina nyingi

Kakamega ina kaunti ndogo 12 na wadi 60. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu wakazi 1,867,579, ambao ni zaidi ya watu 600 kwa kila kilomita mraba. Kwa hivyo familia nyingi hulima vipande vidogo vya ardhi, na kipande kimoja hubeba mambo mengi: mahindi na maharagwe, migomba kando ya nyumba, mboga za kienyeji, kuku na ng'ombe mmoja au wawili.

Sura ya kilimo hubadilika kutoka upande mmoja wa kaunti hadi mwingine. Lugari na Likuyani, upande wa kaskazini, zina mashamba makubwa kiasi ya mahindi yanayovunwa kuelekea mwisho wa mwaka, pamoja na ng'ombe wa maziwa. Malava, Navakholo, Matungu na Mumias zinajulikana kwa miwa. Shinyalu na Ikolomani zina majani chai, mahindi, maharagwe na mboga, huku Butere na Khwisero zikichanganya miwa, mahindi, viazi vitamu, mihogo na njugu.

Ndiyo sababu haiwezekani kujumlisha mavuno kwa uzito pekee. Tani moja ya miwa, tani moja ya maharagwe na tani moja ya maziwa haziwezi kuwekwa kwenye fungu moja. Kipimo kinachoziunganisha ni shilingi.

Kiasi mara bei ya shambani

Kanuni ya msingi ni rahisi. Kiasi kilichozalishwa huzidishwa kwa bei ambayo mkulima hupata akiuza pale pale shambani. Bei ya dukani haitumiki, kwa sababu ndani yake kuna nauli, magunia, ushuru wa soko na faida ya mchuuzi. Hayo huhesabiwa katika sekta za uchukuzi na biashara.

Chukua mfano wa mkulima wa ekari moja aliyevuna magunia 12 ya mahindi, kila gunia la kilo 90. Bei zinazotumika hapa ni za kuonyesha hesabu tu. Ikiwa gunia ni Sh3,000 shambani, thamani ya mavuno yake ni Sh36,000. Gorogoro hubeba takriban kilo 2, kwa hivyo gunia moja lina gorogoro 45. Zikiuzwa sokoni kwa Sh100 kila moja, gunia hilo hilo linaleta Sh4,500. Tofauti ya Sh1,500 inaenda kwa wale waliolibeba na kulipima.

Sasa tuseme mkulima huyo aliuza magunia matano ili kulipa karo ya muhula wa tatu, akaweka saba ya chakula. Akimtajia afisa magunia matano peke yake, shamba lake linaandikwa kuwa la Sh15,000. Sh21,000 zimepotea kwenye takwimu, ingawa hakuna punje iliyopotea.

Kanuni za kimataifa za kukokotoa pato la taifa, ambazo Kenya huzifuata, zinataka chakula kinachozalishwa na kuliwa nyumbani kihesabiwe. Sababu yake ni wazi: familia isingekivuna, ingelazimika kukinunua. Hali ni hiyo hiyo kwa mrenda, saga, sucha na kunde zinazochumwa jioni nyuma ya jikoni, na kwa ingokho anayechinjiwa mgeni.

Ng'ombe ni mali, maziwa ni zao

Katika mifugo, kosa la kawaida ni kudhani kwamba idadi ya wanyama ndiyo uzalishaji. Ng'ombe aliyeko boma ni mali, kama vile ardhi au mashine. Kinachohesabiwa kuwa uzalishaji wa mwaka ni maziwa, mayai, nyama, ngozi na asali, pamoja na ndama waliozaliwa na uzito ambao wanyama wa nyama wameongeza. Fahali anayeshangiliwa uwanjani Shinyalu au Ikolomani anaweza kuwa na bei kubwa kuliko ng'ombe wote wa kijiji, lakini bei hiyo haihesabiwi upya kila mwaka kana kwamba ni mavuno.

Kwa upande mwingine, ng'ombe wa kawaida asiyeshangiliwa na mtu anaweza kuzalisha kuliko inavyodhaniwa. Anayetoa lita 6 kwa siku kwa siku 300 hutoa lita 1,800. Kwa bei ya mfano ya Sh50 kwa lita, hiyo ni Sh90,000, zaidi ya mara mbili ya mahindi ya ekari moja katika mfano wa awali. Maziwa hayo mengi huuzwa kwa chupa langoni au hunywewa nyumbani bila kupita kwenye chama cha ushirika, kwa hivyo hakuna risiti wala rekodi. Asiposema mkulima mwenyewe, hakuna atakayejua.

Thamani si faida

Thamani kubwa haimaanishi kuwa mfuko umejaa. Mkulima wa mfano wetu alitumia mifuko miwili ya mbolea ya ruzuku ya Sh2,500 kila mmoja, mbegu za Sh2,500 na trekta la kukodi la Sh5,000. Jumla ni Sh12,500. Zikitolewa kwenye Sh36,000, kinachobaki ni Sh23,500. Wataalamu huiita thamani iliyoongezwa, na ndiyo inayoingia katika pato la kaunti. Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, lilichapisha makadirio ya pato la kila kaunti kwa mara ya kwanza mwaka wa 2019.

Mkulima hana budi kwenda hatua moja zaidi. Akiwalipa vibarua wa palizi na kuvuna Sh6,000, anabaki na Sh17,500. Kwa kaunti, pesa za vibarua hazijapotea, kwa kuwa ni mapato ya jirani. Kwa mwenye shamba ni gharama.

Kuna mitego miwili zaidi katika kusoma takwimu hizi. Wa kwanza ni kuhesabu kitu mara mbili. Nyasi za nepia au mahindi yaliyolishwa ng'ombe tayari yako ndani ya thamani ya maziwa, kwa hivyo hutolewa kama gharama. Wa pili ni bei. Thamani ya mahindi ya kaunti ikipanda kwa sababu gunia limepanda bei huku mavuno yakipungua, ghala halijajaa. Ndiyo maana takwimu hutolewa pia kwa bei zisizobadilika, yaani bei za mwaka mmoja uliochaguliwa, ili ionekane kama uzalishaji wenyewe umekua.

Miwa ina hesabu yake

Miwa huchukua mwaka mmoja na nusu au zaidi kabla ya kukatwa. Kusubiri hadi siku ya mizani kungefanya shamba lionekane tupu mwaka mmoja na tajiri mwaka unaofuata. Kwa hivyo ukuaji wa kila mwaka hukadiriwa kama kazi inayoendelea.

Hata hivyo, makadirio hayo hutegemea kuwepo kwa soko. Wakulima wa Mumias wanalijua hili vizuri. Kiwanda cha Mumias kilichoanza kusaga miwa miaka ya 1970 kiliwekwa chini ya meneja mrasimu mwaka wa 2019, baada ya miaka ya matatizo. Muwa uliokomaa usipokatwa kwa wakati hupoteza uzito na sukari, na thamani yake hushuka ukiwa bado umesimama shambani.

Mahindi nayo hupoteza thamani ghalani yasipokaushwa. Yanafaa kuwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5 kabla ya kuhifadhiwa. Yakizidi hapo, huota kuvu na yanaweza kupata sumu ya aflatoksini. Mahindi ya namna hiyo hayapaswi kuliwa na watu wala mifugo, na thamani yake ni sufuri hata kama magunia ni mengi.

Takwimu zinafika wapi

Makadirio huanza na maafisa wa ugani katika wadi, wanaokadiria ekari zilizopandwa, mavuno na bei. Wakulima wengi husita kuwajibu kwa hofu ya kodi. Sheria ya Takwimu ya mwaka wa 2006 inalinda siri ya taarifa za mtu binafsi zinazokusanywa kwa ajili ya takwimu za taifa, na kinachochapishwa ni jumla.

Kuongeza chumvi pia kuna madhara. Anayetaja ng'ombe kumi ilhali ana watatu husababisha chanjo za ugonjwa wa miguu na midomo kupelekwa zisikohitajika, na wadi nyingine ikapungukiwa.

Takwimu hizi hutumika katika kalenda ya bajeti. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, taarifa ya mkakati wa fedha kufikia Februari 28 na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Wananchi hualikwa kutoa maoni kabla ya maamuzi. Kikundi kinachofika kwenye kikao na hesabu ya lita ambazo wanachama wake hukamua kwa siku kina hoja nzito ya kuomba jokofu la maziwa kuliko kikundi kinachosema tu kwamba maziwa ni mengi.

Daftari la shilingi chache linatosha kuanza. Mkulima aandike tarehe, kilichovunwa au kukamuliwa, kilicholiwa, kilichouzwa na bei yake, kisha upande wa pili aandike gharama. Anayehitaji kuonyeshwa jinsi ya kupanga kurasa hizo anaweza kumwona afisa wa kilimo au wa mifugo wa wadi yake.